Habari ya Kusimamisha Pikipiki Kuukuu

Watu waandikao juu ya vyombo vya safari husifu mwendo. Husema kwamba farasi fulani alikuwa hodari wa mbio, kwamba mashua fulani ilikata maji kama panga, na kwamba motokaa fulani ilipanda mlima bila ya kuhema. Ni nadra mwandishi kusema neno juu ya namna chombo kinavyosimama. Na hali kila chombo hupitisha sehemu kubwa zaidi ya umri wake kimesimama kuliko kinakwenda. Mashua ina nanga yake, punda ana kamba na kigingi, na pikipiki ina stendi. Insha hii ni juu ya stendi, na msomaji atakayeona kwamba kitu hicho ni kidogo mno kwa jarida la chuo kikuu ana ruhusa ya kufunua kurasa za mbele. Mimi ni mwalimu wa lugha, sikukusudia kuingia katika mambo ya chuma. Niliingizwa na baba yangu, naye hakukusudia kuniingiza.

Pikipiki yenyewe ni BSA Bantam ya namna iliyoitwa D7, ambayo iliundwa mjini Birmingham baina ya mwaka 1959 na 1966. Herufi zile tatu ni ufupisho wa jina la kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 kwa kazi ya kuunda bunduki, na alama yake ilikuwa bunduki tatu zilizosimamishwa kwa kuegemezana. Bunduki zile zilijua kusimama bila ya stendi. Bantam ya kwanza ilitoka mwaka 1948, na asili yake haikuwa ya Kiingereza hata kidogo: ilitokana na pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ambayo michoro yake ilitwaliwa kuwa fidia baada ya Vita Vikuu vya Pili. Michoro hiyohiyo ilizaa pikipiki nyingine katika Marekani na Urusi. Na Yamaha ya kwanza ya Wajapani, YA-1 ya mwaka 1955, ni ndugu wa ukoo huo. Kwa Waingereza, Bantam ilikuwa chombo cha watu wa kazi. Matarishi wa posta waliipanda kupeleka simu za maandishi. Uundaji wake ulikoma mwaka 1971, na mwaka 1973 kampuni yenyewe ilimezwa na nyingine. Ina injini ya sentimita za ujazo 175 kasoro kidogo, gia tatu, na uzito wa karibu kilo 100. Kwa kipimo cha pikipiki huo si uzito mkubwa. Kwa kipimo cha mtu, ni gunia la mahindi lililofungwa magurudumu.

Baba aliinunua mwaka 1974 kwa karani wa shamba la mkonge aliyekuwa akihama. Alikuwa na umri wa miaka 26, bwana afya katika vijiji vya Muheza, na kazi yake ilikuwa kukagua visima, vyoo na mabucha, na kusema na watu ambao hawakupenda kuambiwa habari ya vyoo vyao. Kwa pikipiki hiyo alikwenda mpaka chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, akapanda hata Amani njia ikiwa tope tupu. Kipindupindu kilipoenea katika miaka ya 1977 na 1978, alilala njiani usiku mwingi kuliko aliolala nyumbani. Sisi watoto wanne tulisoma kwa mshahara wa mtu yule na kwa magurudumu yale mawili. Alipostaafu hakuiacha. Aliitumia kwenda shambani, kwenda kunywa kahawa barazani, na kila Ijumaa kwenda msikitini.

Mwaka 2022 aliacha kuiendesha. Macho yake yalikuwa mazima, na masikio yalisikia zaidi ya tulivyotaka yasikie. Aliacha kwa sababu ya stendi. Kuendesha aliweza, kusimamisha hakuweza. Kila alipofika msikitini, vijana wa bodaboda walimkimbilia wakisema, “Shikamoo mzee, tupishe tukusaidie,” wakaikamata pikipiki na kuipandisha juu ya stendi kwa mkono mmoja. Walitenda hivyo kwa adabu njema, na adabu ile ndiyo iliyomchoma. Mtu anaweza kumjibu mwenye kiburi. Mwenye adabu hana jibu ila ahsante. Basi Ijumaa moja alikwenda kwa miguu akasema anataka kunyoosha viungo. Ijumaa ya pili alipakiwa na bodaboda. Hatimaye akawa anasali katika msikiti mdogo wa jirani, na baraza la kahawa, ambalo lilikuwa limemzoea kwa miaka zaidi ya arubaini, likawa linaulizia habari zake kwa wapita njia.

Mwezi wa Julai mwaka 2024 nilikwenda nyumbani kwa likizo nikakuta shauri limekwisha kukatwa. Kaka yangu mkubwa alikuwa amempata mnunuzi wa Dar es Salaam, mkusanyaji wa vyombo vya zamani, na mnunuzi huyo angefika mwisho wa mwezi. Kaka hakuwa na ubaya wowote. Aliona chombo kinaota kutu chini ya mwembe, na fedha zake zingeweza kuezeka upya nyumba ya wazee. Nilipomwuliza baba kama ameridhia, alinijibu, “Mwanangu, chuma hakizeeki kwa namna hii. Aliyezeeka ni mimi. Mwache kaka yako aiuze.” Kisha akaanza kuzungumza juu ya mvua.

Jibu lile halikunitosha. Nilimwomba anionyeshe namna anavyoisimamisha. Alisita, akaenda. Aliishika usukani kwa mkono wa kushoto na chuma cha chini ya kiti kwa mkono wa kulia, akateremsha stendi kwa ncha ya kiatu, akakanyaga. Pikipiki ilijongea nyuma kidogo, ikainuka kiasi cha unene wa kidole, ikarudi chini. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu nilimwona anavuta kwa mgongo, shingo imekaza, na pumzi imekatika. Sikumshika mkono, maana hakuniomba. Lakini nilitazama mguu wake, nikaona jambo ambalo halikuwa la umri: alikuwa amesimama juu ya kikanyagio cha stendi kwa uzito wake wote, kiatu cha pili kimeacha ardhi, na stendi haijali. Hapo nilijua kwamba sina budi kupima.

Napenda kusimama kidogo hapa kwa ajili ya neno moja. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu jina la Kiswahili la ufito wa chuma utumiwao kuinulia kitu kizito, na kila mwaka wengi hujibu “leva”. Nikiwaambia ni wenzo, hutazamana. Lakini wingi wake, nyenzo, wanao mdomoni kila siku: nyenzo za kazi, nyenzo za kujifunzia, nyenzo za kufundishia. Wameurithi wingi wakapoteza umoja, kama watoto wanaoishi katika nyumba ya babu wasijue jina lake. Na vitabu vyetu vya sayansi vya shule ya msingi vilikwisha kutufundisha sehemu tatu za wenzo kwa maneno ambayo sijapata kuona mazuri kuliko hayo: egemeo, mzigo, na jitihada. Neno la tatu lina uzuri wa peke yake, kwani laweza kupimwa kwa kilo na laweza kutajwa katika sala.

Stendi ya kati ni wenzo. Ina miguu miwili iliyoungwa kwa bawaba chini ya fremu, na pembeni ina kikanyagio. Ikiteremshwa, nyayo zake hugusa ardhi nyuma kidogo ya bawaba. Ukikanyaga, nyayo huwa egemeo. Pikipiki hurudi nyuma na kupanda juu ya miguu ile, kama mtu anayevuka ukuta kwa upondo. Ikifika kileleni hushuka kidogo upande wa pili, ikatulia. Jitihada ni uzito wako juu ya kikanyagio. Mzigo ni pikipiki juu ya bawaba. Na kama ilivyo kwa kila wenzo, kinachoamua si nguvu peke yake bali umbali: kutoka egemeo hadi mzigo, na kutoka egemeo hadi jitihada.

Nilipima kwa rula ya shule ya mpwa wangu. Pikipiki ikiwa juu ya magurudumu yake mawili, bawaba ilikuwa sentimita 17 kutoka ardhini. Mguu wa kushoto wa stendi ulikuwa na urefu wa sentimita 23, na wa kulia milimita sita pungufu. Ilipasa, basi, pikipiki ipande sentimita sita kabla ya kukaa. Nyayo za asili zilikuwa zimelika zamani, na fundi mmoja alikuwa ameongeza vipande vya nondo kwa kuchomelea, akazidisha, tena bila ya kulinganisha. Hivyo stendi ilianza kusimama kwa mguu mmoja, ikapinda, ndipo ule wa pili ukafika. Kikanyagio nacho kilikuwa kimekatika ncha, kimebaki kisiki kilichopita egemeo kwa sentimita tisa tu. Bawaba ilikuwa kavu, ina kutu, na tundu zake zimekuwa za umbo la yai. Tairi la nyuma lilikuwa na upepo mchache, na kila sentimita ambayo tairi huibonyea ni sentimita ambayo mwenye pikipiki hana budi kuinua.

Usiku ule niliketi na kalamu. Miguu ya sentimita 23 ikigusa ardhi na bawaba ikiwa juu sentimita 17, umbali wa mlalo kutoka egemeo hadi bawaba ni sentimita 15 na nusu. Hayo ni hesabu ya pembetatu ya mraba, wala sikuhitaji kumwamsha mtu. Tuchukue kwamba mwanzoni bawaba hubeba kilo 60, na zilizobaki zimebebwa na magurudumu. Kwa kikanyagio cha sentimita tisa, jitihada inayotakiwa ni zaidi ya kilo 100. Nikafungua bahasha ya zahanati. Baba alikuwa na kilo 58. Katika kadi yake ya zamani, ya siku za kazi, alikuwa na 74.

Hakuna mtu awezaye kukanyaga kitu kwa uzito mkubwa kuliko wake mwenyewe, isipokuwa akiruka, au akijivuta chini kwa mikono. Kijana hutimiza kilo zinazopungua kwa mikono na mgongo, na wala hajui kwamba anazitimiza. Baba naye alikuwa akizitimiza kwa miaka mingi, kidogokidogo zaidi kadiri chuma kilivyolika na mwili ulivyopungua. Siwezi kusema kwamba umri haumo katika hesabu ile, umo. Lakini alikuwa amejitwisha lawama yote, na sehemu kubwa ya lawama ilikuwa ya vipande viwili vya nondo.

Nilimweleza asubuhi. Alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari, akaomba rula, akapima mwenyewe. Kisha akaingia ndani akatoka na kopo la sarafu za zamani, zile za senti hamsini zenye picha ya sungura. Nilidhani amechoka na mazungumzo yangu. Kumbe anataka kufungua stendi. Springi inayoirudisha stendi juu ni kali, na wengi huumia vidole kwa kuing'oa kwa koleo. Baba alinitaka niilaze pikipiki kidogo upande wangu, akaisukuma stendi chini mpaka springi ikavutika, ndipo akaingiza sarafu moja moja baina ya mapindi yake. Alipoikunja tena stendi, springi haikuweza kunywea kwa sababu ya wale sungura, na ndoano yake ikatoka kwa kidole kimoja. “Hizi hazinunui kitu tena,” alisema, “lakini kazi hii hazijaisahau.” Kwa hesabu yangu, sentensi ile ilikuwa ndefu kuliko zote alizozisema juu ya pikipiki tangu niwasili.

Fundi wa kuchomelea tuliyemwendea mjini alikuwa kijana mwerevu, ila kila nilipouliza swali alimjibu baba. Alituambia kuwa kazi ni ya nusu saa, akaongeza, “Lakini mzee, kwa nini usichukue Boxer? Inawaka kwa kitufe.” Baba alimwuliza Boxer inasimama kwa nini. Akasema, “Kwa stendi.” Baba akanyamaza, na ule unyamavu ulikuwa hoja tosha.

Tulikubaliana mambo manne. Kwanza, vipande vya zamani vikatwe, na kila mguu ubaki sentimita 21 kamili, yote miwili ikipimwa juu ya bamba lililonyooka. Pili, chini ya kila mguu uchomelewe wayo wa chuma uliopindwa kama upande wa bakuli, unene wake ukiwa ndani ya hizo sentimita 21, ili stendi ibingirike badala ya kukwama kwa ncha. Tatu, kikanyagio kiongezwe sentimita tano, na mwisho wake uwe bapa, upana wa kisigino. Nne, tundu za bawaba zitiwe bushi mpya, na bolti ipakwe grisi. Fundi alitaka kuacha miguu mirefu kwa hoja ya kwamba pikipiki iliyoinuka sana hupendeza. Hoja yake ina upande wa kweli: ukifupisha kupita kiasi, magurudumu yote mawili hubaki ardhini, na chombo husimama kwa wasiwasi, upepo waweza kukiangusha. Yatakiwa gurudumu la nyuma lining'inie kiasi cha vidole viwili, lisizidi hapo. Alipinga pia kikanyagio kirefu, kwa kuwa kitasugua njia. Na hapo sikumbishia, kwani kila urefu unaoongezwa upande wa jitihada huibwa mahali pengine. Jambo moja nilishikilia, kwamba stendi ichomelewe ikiwa imetolewa, mbali na tanki la petroli. Alicheka, lakini alitii.

Alipendekeza pia stendi ya pembeni, ile ambayo pikipiki huilalia kwa ubavu na ambayo mtoto aweza kuitumia. Baba alikataa. Alisema kabureta ya Bantam ikilazwa huvujisha, na mchanga wa uani kwetu humeza mguu mmoja kabla ya dua kwisha. Nadhani kulikuwa na sababu ya tatu, nayo ni kwamba pikipiki iliyolala ubavu haipendezi machoni pake. Sikuiuliza.

Kwa miguu ya sentimita 21, umbali wa egemeo hadi bawaba ulishuka hadi sentimita 12 na kitu. Kikanyagio kikawa na sentimita 14. Jitihada ikawa kilo 53. Baba ana 58. Bado ilikuwa karibu mno, hasa uani ambako nyayo huzama. Nikakata ubao wa mvule wenye unene wa sentimita mbili, baba akaanza kwa kuupandisha gurudumu la nyuma juu yake. Bawaba iko karibu katikati ya magurudumu, kwa hiyo ubao wa sentimita mbili huiinua kwa moja. Na sentimita hiyo moja hushusha jitihada hadi kilo 46. Kwa ajili ya nyayo tuliweka bapa la jiwe. Watu wenye pikipiki nzito wanaijua hila ya ubao, na sioni kwa nini iwe siri.

Mwendo wa mwili nao una sehemu yake, ingawa hauandikwi mahali pengi. Mtu asivute pikipiki kwa mikono. Aishike isianguke tu, aitikise kidogo kulia na kushoto mpaka asikie nyayo zote mbili zimegusa, ndipo ahamishe uzito wake wote juu ya kikanyagio kama anayepanda ngazi, goti likinyooka, mgongo ukiwa wima. Pikipiki itarudi nyuma yenyewe. Ukiivuta kwenda juu unashindana nayo. Ukiiacha irudi nyuma unaifuata.

Baba alijaribu mara ya kwanza kwa nguvu zilezile alizozizoea. Pikipiki iliruka juu ya stendi kwa kishindo, naye akabaki ameshika usukani, mguu mmoja hewani, macho yamemtoka. Hakucheka. Aliisukuma mbele ikashuka, akaipandisha tena, taratibu. Akaishusha. Nilihesabu mara saba. Mama alitoka jikoni kuuliza kelele ile ni ya nini, akamtazama, akarudi jikoni bila ya kungoja jibu.

Jioni baba mwenyewe alimpigia simu kaka. Nilisikia upande wake tu. Aliuliza hali ya watoto, akauliza bei ya mabati, akasema, “Mabati nitanunua kwa pensheni, kidogokidogo. Mwambie mgeni wako asisumbuke na safari.” Kaka alinipigia baadaye akinilaumu kwamba nimemtia mzee hatarini, kwa kuwa atarudi barabarani na malori. Lawama yake si ya bure, na nilimwambia hivyo. Tulipatana kwamba asiendeshe usiku wala asiende barabara kuu ya Tanga, na kwamba macho yake yapimwe kila mwaka. Baba alikubali la macho mara moja. La barabara kuu alisema atalifikiri.

Ijumaa iliyofuata alivaa kanzu, akafunga ubao wa mvule nyuma ya kiti kwa mpira, akaondoka. Nimeambiwa na mtu wa barazani kwamba vijana wa bodaboda walimkimbilia kama zamani, na kwamba aliwainulia mkono wangoje. Kikanyagio husugua tuta lililo karibu na soko, kama alivyotabiri fundi, naye sasa hulizunguka kwa njia ya nyuma. Stendi haitaji tena. Katika simu za siku hizi analalamikia koki ya petroli, ambayo asema inadondosha tone moja kila baada ya dakika nne, na ameniuliza kama chuoni kwetu kuna mtu anayejua habari za ngozi ya koki.